Makengeza ya mtoto hatua kwa hatua: tochi ya simu, miwani, plasta, alafu ndio thieta

Mtoto wa mwezi mmoja au miwili jicho likitangatanga usishtuke. Macho bado hayajajuana, moja laenda huku jengine laenda kule, na huwa hivyo mpaka kwenye miezi mitatu minne. Ikishapita miezi minne na bado waona jicho lakimbilia pua au latoka nje, hapo hakuna kungoja tena, na kama limekwama upande mmoja kutwa kucha basi hata hiyo miezi minne usiingoje. Mimi nafanya kazi kliniki ya macho hapa Mombasa na neno ninaloliskia kuliko yote ni "tuliambiwa ataacha mwenyewe akikua". Kengeza la kweli haliachi. Linaloacha ni lile ambalo tangu mwanzo halikuwa kengeza, na nitaeleza utalijuaje.

Na watu wetu wa pwani mtu atakwambia huo ni urembo, jicho la kurembua hilo, muache. Si wasema ukipenda chongo huita kengeza, basi hapa kengeza lenyewe lishaitwa uzuri. Sina ugomvi na urembo, shida ni kwamba macho yakiangalia sehemu mbili tofauti ubongo wa mtoto wapata picha mbili, na ili usichanganyikiwe wazima picha ya lile jicho lililopinda. Likizimwa mchana na usiku kwa miezi na miaka lile jicho linakua halijui kuona, hata kama lenyewe ni zima halina kidonda wala doa. Kwa hivyo mpangilio ni huu: kwanza tuhakikishe hakuna kitu kibaya ndani ya jicho, pili jicho lijifunze kuona, tatu ndio linyooshwe. Wazazi wengi waja wakitaka kuanza na la tatu.

Hapo nyumbani kwanza

Ngoja jioni, punguza mwangaza wa chumba, mtu ampakate mtoto, wewe simama umbali wa mkono mmoja hivi na umpige picha na flashi huku yuaangalia simu moja kwa moja. Piga nyingi maana hawatulii. Alafu ikuze picha uangalie kile kidoti cheupe cha flashi kilichoanguka kwenye jicho. Kikiwa katikati ya mboni pande zote mbili, au kimesogea sawasawa pande zote mbili, macho yamenyooka hata kama kwa kutazama tu waona kama yamepinda. Watoto wachanga wengi pua kwa juu bado ni pana na ngozi ya pembeni yafunika weupe wa jicho upande wa ndani, basi ukimtazama waapa ana makengeza, kumbe hana. Hao ndio "walioacha wenyewe", pua ilipopanda tu yakaisha.

Kidoti kikiwa katikati jicho moja na jengine kimesogea upande wa sikio, hilo jicho limeingia ndani. Kikisogea upande wa pua, limetoka nje. Daktari naye hufanya hivyo hivyo kwa tochi, na hesabu yake ni kwamba kila milimita moja kidoti kilichosogea ni kama digrii 7 za kupinda.

Katika picha hizo hizo angalia kitu kingine, na hili tafadhali lisomeni mara mbili. Flashi ikimulika mboni kawaida hutoa wekundu au rangi ya chungwa. Ikitoa weupe, kama jicho la paka usiku, mtoto aonwe na daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Yaweza kuwa ni pembe tu ya picha, lakini yaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, na yaweza kuwa retinoblastoma, saratani ya jicho inayoshika watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka mitano. Weupe wa mboni ndio dalili yake ya kwanza na makengeza ndio ya pili. Ndio manake hakuna mtoto wa makengeza anayefaa kuondoka kliniki bila kutiwa dawa na kuangaliwa nyuma ya jicho kabisa, na ukipelekwa mahali wakakwambia "ni kengeza tu" bila kuangalia huko nyuma, omba waangalie. Ikishikwa mapema mtoto hupona na mara nyingine hata jicho huokolewa.

Jaribio jengine la nyumbani: mpe mtoto kitu cha kuangalia, mfunike jicho moja kwa kiganja, uone lile lililobaki wazi. Likiruka kwenda kushika kile kitu basi lilikuwa haliangalii hapo. Na angalia tabia yake. Ukifunika la kulia yuasukuma mkono wako na kulia, ukifunika la kushoto wala hajali yuaendelea na katuni yake, hapo umeshaambiwa lipi laona na lipi halioni.

Wengine kengeza lao huja na kwenda. Asubuhi yuko sawa, jioni akichoka au akiwa na homa jicho latoka nje, na ukimtoa juani mchana, tuseme pale ufukoni Mama Ngina, afunga jicho moja. Mama hudhani ni jua kali tu. Hiyo ya kufunga jicho moja juani ni dalili maarufu ya kengeza la kutoka nje, itaje kwa daktari hata asipokuuliza. Na mtoto anayeinamisha kichwa upande mmoja kila akitazama tivi, au mwalimu wa madrasa asema huyu husoma juzuu shingo imepinda, usikimbilie kumsugua shingo mafuta, mara nyingi kuna msuli wa jicho uliolegea na yeye apinda kichwa ili picha mbili ziwe moja.

Ya haraka kabisa: mtoto mkubwa aliyekuwa sawa, ghafla jicho limeingia ndani, aona vitu viwili viwili, kichwa chauma na atapika. Huyo si wa kliniki ya wiki ijayo, mpeleke emajensi leo leo, yaweza kuwa presha imepanda ndani ya kichwa.

Umpeleke wapi na ubebe nini

Duka la miwani si mahali pa kuanzia kwa mtoto wa makengeza, hata wawe na mashine nzuri vipi. Mwahitaji daktari wa macho. Hapa kisiwani kuna hospitali ya Coast General na ile ya macho ya Lighthouse for Christ, ng'ambo ya Likoni kuna Kwale Eye Centre, na ikihitajika daktari aliyebobea macho ya watoto mwaweza kupewa barua ya kwenda hospitali ya Kikuyu au ya Kenyatta. Piga simu kwanza uulize siku ya watoto, usipande feri na mtoto mgongoni kumbe daktari yuko thieta kutwa.

Beba kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kina sehemu ya macho, ingawa wengi huikuta tupu. Beba picha za mtoto tangu mchanga, zi kwenye simu yako tayari, maana swali la kwanza ni "lilianza lini" na wazazi hubishana hapo hapo mbele ya daktari, baba asema juzi, nyanya asema tangu arubaini. Picha hazibishani. Sema pia kama alizaliwa kabla ya wakati, kama alichelewa kulia, kama ana degedege, na nani mwengine kwenu ana kengeza au alivaa miwani minene utotoni.

Kuhusu pesa, SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa hivyo hakikisha mtoto ameandikishwa chini yako na uulize ofisini pale hospitali wanalipa nini na hawalipi nini kabla hujapewa tarehe. Na zile kambi za macho za bure zinazokuja vijijini nyingi ni za wazee wa mtoto wa jicho. Kengeza la mtoto si kazi ya kambi, lataka nusu kaputi na kufuatiliwa kwa miaka.

Siku ya kupimwa

Jipange kukaa. Ataonyeshwa picha au ile herufi E inayogeuzwa geuzwa aonyeshe kwa vidole miguu yake yaangalia wapi, mchanga atafuatishwa kwa kitu chenye rangi. Kuna kitabu cha picha ya nzi mkubwa, mtoto avalishwa miwani ya kiza na kuambiwa ashike mabawa, anayetumia macho yote mawili pamoja vidole vyake vitashika hewani juu ya karatasi kwa sababu aona mabawa yameinuka, wengine hata hushtuka wakalia, na asiyeyatumia pamoja hugusa karatasi yenyewe. Alafu daktari hufunika jicho hili, afunue, afunike lile, huku aweka vipande vya prizimu, yaani vioo vinavyopinda mwangaza, mbele ya jicho mpaka jicho liache kuruka. Namba ya prizimu iliyolituliza ndiyo kipimo cha kengeza, na ndiyo itakayoamua msuli usogezwe milimita ngapi huko mbele, kwa hivyo wakirudia rudia siku mbili tatu usione wapoteza wakati wako.

Kisha dawa ya kupanua mboni. Macho yetu meusi ni magumu kupanuka, ndio manake huwekwa saiklopentoleti hapo kliniki mara kadhaa mkangoja kama dakika 40, au mwapewa atropini ya kutia nyumbani siku tatu kabla ya kurudi. Tia vile ulivyoandikiwa tu, bonyeza pembe ya jicho karibu na pua dakika moja hivi isiteremke kooni, nawa mikono, na ifungie mbali kabisa na watoto maana ikinywewa ni sumu. Akipata joto, uso ukawa mwekundu, mdomo mkavu, moyo wamwenda mbio, simamisha mumrudishe. Atropini yaweza kukaa wiki mpaka mbili, mwanga wa jua la huku utamuumiza, mvike kofia.

Huulizwa sana mtoto wa mwaka mmoja hata kusema hajui atapimwaje miwani. Hahitaji kusema. Dawa ikishalegeza jicho daktari humulika mstari wa mwangaza ndani chumba kikiwa giza, ageuza lenzi hii na hii na kuangalia ule mwangaza unavyosogea, namba yajitoa yenyewe.

Miwani, ambayo mara nyingine ndiyo tiba yote

Kuna kengeza la kuingia ndani linaloanza kwenye miaka miwili mitatu, mtoto alikuwa sawa kabisa. Huyu mara nyingi jicho lake lina shida ya kuona karibu, basi ili aone vizuri akaza jicho, na ubongo umeyafunga mambo mawili pamoja, ukikaza kuona karibu macho nayo huvutwa ndani. Mpe miwani inayomkazia badala yake, macho yarudi mahali pake bila kisu. Kwa baadhi ya watoto hadithi yaisha hapo.

Lakini miwani ni tangu kuamka mpaka kulala. Si ya shule tu, si ya Idd tu. Na wiki chache baadaye mama hurudi amekasirika, "ukimvua miwani jicho lapinda zaidi, mumemuharibu". Hapana mamangu, lile ndilo kengeza lake, ameshazoea kutulia kwa hivyo akivua akaza kwa nguvu ile ile, sasa wewe ndiwe unayeliona vizuri kwa sababu wajua alivyo akiwa sawa. Chagua fremu ya plastiki na lenzi zisizovunjika, na mkanda wa kufunga nyuma ya kichwa, maana kwa jasho la hapa miwani hutelemka puani na mtoto aanza kuchungulia kwa juu, ni kama hajavaa. Kama miwani yanyoosha nusu na nusu yabaki, ile iliyobaki ndiyo ya kupasuliwa. Sehemu inayonyooshwa na miwani haipasuliwi kamwe.

Plasta

Jicho vivu, yaani lile ambalo ubongo umelizima likawa halijui kuona, hufundishwa kwa kulifunika lile ZIMA. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu mara ngapi mtoto aja amefunikwa lile bovu, nyanya amehurumia zima. Plasta hubandikwa kwenye ngozi, chini ya miwani, si juu ya lenzi, maana mtoto hupata upenyo akachungulia. Masaa ataamua daktari. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003 ulionyesha kwa jicho vivu la wastani masaa 2 kwa siku yafanya kazi sawa na masaa 6, na hilo limewapunguzia watu vita vingi. Wakati amefunikwa mpe kazi ya karibu, kuchora, kuchambua mchele, juzuu yake, hata gemu ya simu naruhusu.

Siku za mwanzo atalia, atabandua, na watoto wa mtaa watamwita chongo. Kuna mama mmoja alimbandikia mwanawe, akajibandikia na yeye, akambandikia na mdoli, wakakaa hivyo kila alasiri baada ya chakula, na yule mtoto ndiye aliyekuwa akikumbusha saa. Akishindikana kabisa kuna njia ya kutia atropini kwenye jicho zima wikendi ili liwe na ukungu, na matokeo yake yamekaribiana na plasta. Kabla ya miaka saba ndipo jicho hufundishika vizuri zaidi, baadaye wengine hupata nafuu lakini kwa jasho.

Thieta

Sasa ndio tumefika. Wanaokwenda ni wale ambao kengeza limebaki baada ya miwani, na wale waliozaliwa nalo kubwa au likaanza kabla ya miezi sita, ambao hao kwa kawaida hupasuliwa kabla ya miaka miwili ili macho yapate nafasi ya kujifunza kufanya kazi pamoja. La kutoka nje linalokuja na kwenda laweza kuangaliwa tu kwa muda mrefu kama mtoto bado aweza kulidhibiti.

Jicho halitolewi. Naulizwa hili kila siku, ati walitoa wakaliweka mkononi wakalirudisha. Haliwezekani. Kila jicho lashikwa na misuli sita, nayo huliongoza kama hatamu za punda, na operesheni ni kurefusha upande uliokaza au kukaza upande uliolegea. Daktari hukata ile ngozi laini inayofunika weupe wa jicho, aushika msuli kwa kulabu ndogo, aufunga uzi mwembamba unaoyeyuka wenyewe, aukata pale uliposhikana na jicho na kuushona nyuma zaidi ili upungue nguvu, au aukata kipande ukawa mfupi ili uvute zaidi. Msuli wa ndani umeshika milimita 5.5 hivi kutoka ukingo wa sehemu nyeusi. Kengeza la kuingia ndani la dayopta 30 (dayopta ndiyo ile namba ya prizimu), kwa jedwali linalotumika sana, misuli ya ndani ya macho yote mawili hurudishwa nyuma milimita 4.5 kila mmoja, la dayopta 50 ni milimita 6. Waona vile nusu milimita ni kitu kikubwa. Na ndio jibu la baba anayefoka "jicho bovu ni moja kwa nini mumekata mawili", macho hufanya kazi kwa jozi na marekebisho hugawanywa.

Operesheni yenyewe si mpya. Daktari mmoja wa upasuaji, Dieffenbach, aliifanya Berlin mwaka 1839 kwa mtoto wa miaka saba, na etha ya kulaza watu haikuonyeshwa hadharani mpaka 1846, kwa hivyo fikiria huyo mtoto. Na ile sindano ya Botox ya kuondoa makunyanzi, kazi yake ya kwanza kuidhinishwa Marekani 1989 ilikuwa makengeza na kope zinazokazana, na bado hutumika kwa baadhi ya watoto.

Kabla ya siku: akiwa na kikohozi, mafua au homa piga simu, huahirishwa, ni kwa usalama wake. Waambie wa nusu kaputi kama ana selimundu, pumu, jino linalocheza, au kuna mtu kwenu aliyewahi kupata shida kubwa akilazwa. Kula mwisho masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4, maji matupu masaa 2, au vile mlivyoambiwa kwenu. Orodha nyingi za asubuhi huharibiwa na nyanya aliyemuonea huruma akampa uji kidogo na kipande cha hamri. Uji kidogo ndio unaoingia mapafuni mtoto akiwa amelala, basi ukigundua amekula sema, usifiche, mtapewa siku nyengine.

Ndani ya thieta msuli ukivutwa moyo waweza kupunguza kasi ghafla, jambo lajulikana tangu 1908, wa nusu kaputi hukaa akisikiliza, daktari huachilia msuli na dawa ikiwa tayari. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo

Usiku wa kwanza machozi ya rangi ya waridi kwenye mto ni kawaida, kutapika ni kawaida sana kwa operesheni hii, jicho litakuwa jekundu wiki kadhaa, na aweza kuona viwili viwili siku za mwanzo. Tia matone mliyopewa. Asiende baharini wala kwenye pool mpaka mruhusiwe, kwa kawaida si chini ya wiki mbili, asicheze mchanga, muogeshe shingoni kwenda chini. Wanja usipake, asali usitie, maziwa ya mama usitie, hata mkwe akisimama mlangoni.

Rudi siku hiyo hiyo kama maumivu yaongezeka badala ya kupungua, kope zafura, usaha, homa, haoni vizuri, au jicho limegeuka ghafla upande mwengine haliwezi kurudi.

Matokeo usiyahukumu wiki ya kwanza, hupimwa vizuri baada ya wiki sita nane. Na baadhi hurudi thieta mara ya pili, hasa waliozaliwa nalo, hilo uliambiwe kabla si baada. Miwani na plasta vyaendelea kama kawaida. Hapa ndipo wengi hupotea, jicho limenyooka, picha ya Idd imetoka safi, tarehe ya kliniki yasahauliwa, na lile jicho limenyooka lakini halioni.

Mengine yanayokuja kwenye benchi hilo hilo

Mchanga jicho latoka machozi na tongo tangu kuzaliwa lakini si jekundu, mara nyingi ni mfereji haujafunguka, mkande pembe ya jicho kwenda chini kwa kidole safi, wengi hufunguka kabla ya mwaka, wasiofunguka hufunguliwa. Lakini machozi pamoja na jicho kubwa linaloonekana la bluu bluu na mtoto akimbia mwanga, hiyo ni presha ya jicho, ni ya haraka. Kope lililoanguka likafunika mboni nalo hufanya jicho vivu, lisingoje. Waliozaliwa kabla ya wakati wakakaa kwenye oksijeni waangaliwe retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho, wiki nne hivi baada ya kuzaliwa, ulizeni kabla hamjatoka wodini.

Na aleji, huku kwetu yasumbua watoto mno, wakuna macho mpaka yawa ya kahawia. Ile dawa ya matone ya steroidi inayouzwa kemisti bila kuandikiwa humpa raha siku mbili, lakini ikitiwa miezi yaleta presha ya jicho na mtoto wa jicho. Iache.

Makengeza hufuata damu, kwa hivyo siku ya kurudi waje na wadogo zake pia, hata wanaoonekana sawa, waangaliwe kabla ya kuanza shule.